Mibiringanya Tisa

Baba yangu alikuwa mbebeshaji miche. Kwa miaka thelathini na minane alikata vikonyo vya michungwa mitamu akavibebesha kwenye mashina ya ndimu kali, na watu walitoka mbali kuja kununua miche yake kwa sababu haikuwa na tabia ya kufa. Walimwita Wembe, kwa ule wembe aliouchomeka juu ya sikio muda wote wa kazi. Kaka yangu alilionea aibu jina hilo tangu shuleni. Mimi nililipenda, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani kwamba haya niliyatenda kwa chuki.

Tulikuwa tumebaki wawili nyumbani, Baba na mimi. Mama alikwishatangulia miaka minne nyuma. Mimi ni kitindamimba, fundi cherehani, sina mume na sipendi kuulizwa. Kaka tunamwita Kiranja, kwa kuwa alikuwa kiranja darasa la tatu na mpaka leo hajakubali kustaafu. Anakaa upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, yeye na mkewe. Walikuwa wakija kila Jumapili saa tisa alasiri, wameshakula kwao, maana wifi yangu haamini sufuria za watu.

Kila Jumapili Kiranja alikuwa na wimbo mmoja: Baba ahamie kwake. Mzee haoni vizuri, jicho moja lina ukungu na la pili limechoka, mzee mikono inatetemeka, mzee anaachwa peke yake kutwa nzima wakati mimi niko kwenye cherehani. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliniudhi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba ana bustani ya kuangalia. Siku moja, walipoondoka, aliniita akanishika mkono.

"Mwanangu, nikifa mtanitoa humu kwa miguu ya watu wanne. Kabla ya hapo nisitolewe."

Nikamwahidi. Sikuona ugumu wowote katika ahadi ile.

Bustani yenyewe ilikuwa matuta matatu kati ya ukuta wa jiko na tangi la maji, na humo Baba alipanda mibiringanya tu. Meno yake yalikuwa yamebaki ya mbele, ya kupigia picha, na biringanya likichomwa na kupondwa halihitaji meno. Angeweza kula sahani mbili bila kuinua kichwa. Mimi biringanya silili. Linaniwasha mdomo tangu utotoni, na Baba alizoea kunitania kwamba mtoto wa mkulima kuwashwa na shamba ni dalili kwamba nilibadilishwa hospitalini.

Mwaka ule matuta yakaingiwa na mnyauko. Mmea ulikuwa mzima asubuhi, mchana umelegea, siku ya tatu umekufa ukiwa bado na majani mabichi. Baba alinituma nikate kipande cha shina nikitumbukize kwenye glasi ya maji, nimwambie ninachoona. Nikamwambia kinatoka kitu cheupe, chembamba, kinashuka mpaka chini ya glasi. Akasema udongo umekwisha, hakuna dawa duniani ya kuurudisha.

Jumapili Kiranja alipopata habari hizo hakuficha furaha yake. Kama bustani imekufa, aliuliza, Baba anabaki pale kuangalia nini?  Baba aliinamisha kichwa akawa anajipapasa magoti. Niliona, na niliumia, na nikaapa moyoni kwamba mibiringanya ile itaota hata ikibidi niipande kwenye kitanda changu.

Asubuhi yake Baba aliamka na nguvu mpya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema. Kama mizizi ya biringanya haiwezi udongo ule, basi tuibebeshe kwenye mizizi inayouweza. Kuna mtunguja, ule wa porini wenye miiba na vitunda vya njano, ndugu wa biringanya wa damu, na mnyauko haumfanyi kitu. Nitafute miche kumi na miwili ya mtunguja. Yeye atatoa akili, mimi nitatoa mikono.

Nikaenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ghala la mbao, nikang'oa miche kumi na miwili kwa uangalifu, nikaipanda kwenye kopo la rangi. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Yeyote aliyewahi kuwa fundi cherehani anajua msimu ule: sketi mia na ushee, kila mzazi anataka ya mwanawe kwanza, na hakuna anayekumbuka kwamba fundi naye ana tumbo. Nililiacha kopo kwenye dirisha la kiwanda changu, upande wa jua, nikalisahau siku nne. Nilipolikumbuka, miche tisa ilikuwa imekauka.

Ningeweza kurudi kiwanjani. Ningeweza kwenda kwa Baba nikamwambia, imekufa, ni uzembe wangu. Lakini alikuwa akiniuliza kila jioni miche inaendeleaje, na kila jioni nilikuwa nikijibu kwamba inaendelea vizuri. Niliona aibu. Na nyuma ya kiwanda changu, pale wanapomwaga maji ya kufulia, kulikuwa na gugu limejiotea lenyewe, mashina manene, limenona, halijali jua wala maji machafu. Ni lile lenye maua meupe marefu ambalo mtaani kwetu waliliita tarumbeta. Nilijua mbuzi hawaligusi. Zaidi ya hapo sikujua, na sikuuliza, kwa kuwa niliona nina jibu tayari.

Jibu hilo nilipewa na Baba mwenyewe. Katika kitalu chake nilikua nikisikia kauli moja: chini hakupandi juu. Wateja walipoogopa kwamba chungwa lililobebwa na ndimu litakuwa kali, Baba aliwamenyea moja pale pale, wakala, wakacheka, wakanunua. Chini ni mizizi tu, aliwaambia, kazi yake kunywa maji. Nikajiambia: kama ndimu haijawahi kulitia chungwa ukali, gugu litalifanya nini biringanya? Nikang'oa tisa.

Jioni ile Baba aliipapasa miche mmoja mmoja. Mitatu ya kwanza ilimchoma vidole akatabasamu. Kwa wa nne akasita.

"Mbona huu hauna miiba?"

"Bado mdogo, Baba. Itatoka."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye mwenye macho."

Tulibebesha Jumamosi, magoti yetu yakigusana, yeye kwenye kigoda na mimi kwenye ndoo iliyofunikwa, kati yetu vikonyo vya biringanya nilivyoomba kwa jirani. Kata shina kimlalo, vidole vitatu kutoka chini. Lipasue katikati. Kichonge kikonyo cha biringanya pande mbili, kiingize, ngozi ikutane na ngozi. Funga kwa utepe wa nailoni, usikaze ukamnyonga, usilegeze akapumua. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini siku saba. Mkono wangu umezoea tundu la sindano, na Baba alisikiliza mlio wa wembe akasema angekuwa na msaidizi kama mimi zamani angekuwa tajiri. Sijui kama nimewahi kuwa na siku nzuri kuliko ile.

Ile mitatu ya mtunguja ilisuasua. Ile tisa ilikimbia. Mwezi wa tatu tangu kubebesha, matuta yalikuwa yamejaa mabiringanya meusi, yanang'aa, mazito mkononi, na Baba alikuwa akizunguka humo kwa kupapasa, akiyahesabu kwa sauti kubwa ili majirani wasikie. Kiranja alipokuja aliambiwa aguse. Akagusa, akajifuta mkono kwenye suruali, na mimi nikaingia jikoni nikacheka peke yangu.

Siku za kazi nilikuwa namwachia Baba uji na maharage kwenye chupa ya moto. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuchuma na kuchoma. Saa saba mchana anakula, saa tisa Kiranja anaingia.

Jumapili ya kwanza alilalamika tu kwamba mdomo umekauka, na mwanga unamuumiza. Jumapili ya pili alimwambia Kiranja asogee, amemkalia Mama. Kiranja aliruka kutoka kwenye kiti, wifi yangu akashika mkoba wake. Uso wa Baba ulikuwa mwekundu, ngozi ya moto na kavu, na mboni ya lile jicho lisilo na ukungu ilikuwa imetanuka mpaka jicho lote likawa jeusi. Alikuwa akinyoosha mikono hewani, akishika kitu kisichokuwepo, akikichonga, akikifunga. Nilijua anachofanya. Alikuwa anabebesha.

Jumatatu jioni alikuwa mzima, hakumbuki chochote, anauliza kwa nini nimevimba macho. Jumatano tulikuwa tunataniana. Jumapili iliyofuata, yale yale.

Basi mimi na akili zangu nikapata mchawi. Siku sita Baba ni mzima, siku ya saba kaka yangu anakanyaga kizingiti, Baba anarukwa na akili. Nilimwambia Kiranja waziwazi kwamba ni yeye anayemtia mzee wazimu kwa masimango yake ya kumhamisha. Tuligombana uani mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri. Kiranja alilia siku ile, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba wa Mama. Akasema, Baba anatupotea mbele ya macho yetu na wewe unatafuta wa kumlaumu. Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Wiki mbili baadaye akaja na daktari wa wazee. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, na alikubali kuja nyumbani ili mzee asitishike. Ilikuwa Jumamosi saa nane. Nilikuwa nimepewa taarifa siku mbili kabla, na nilitaka Baba awe na nguvu, awe amechangamka, awaoneshe. Nikafunga kiwanda mapema, nikachuma manne makubwa kuliko yote, nikayachoma, nikayaponda na kitunguu na chumvi. Akala sahani mbili, nikamwongeza ya tatu. Nilimbembeleza aimalize.

Daktari alimuuliza mwezi gani huu, Baba akamwomba asimame kwa sababu sisimizi wanamshonea mkono wa nguo. Alimuuliza yuko wapi, Baba akamwambia ampishe Mama apite na sinia. Kisha akaanza kulia, na akajikojolea, au alijaribu akashindwa, sijui, alikuwa akishika tumbo. Daktari aliandika muda mrefu. Akasema ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, na unakwenda kasi, na mtu wa hali ile hawezi kuachwa peke yake kutwa. Akae na mwanawe mwingine, ambaye mkewe hushinda nyumbani. Yeye atamwona tena baada ya mwezi, na kama atakuwa ametulia, watazungumza upya kuhusu kumrudisha.

Walimtoa siku ile ile. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, na aliyemfungua vidole, kimoja kimoja, ni mimi, kwa sababu Kiranja aliogopa kumvunja.

Baada ya siku mbili kwa Kiranja, Baba alikuwa mzima kabisa. Kaka yangu alijaa sifa. Chakula kwa saa, alisema, mazungumzo, hewa ya juu. Nilimwacha ajisifu, maana mwezi ulikuwa unahesabika na Baba alikuwa anauhesabu pia. Nilipomtembelea alinikalisha karibu na dirisha akaninong'oneza: siku kumi na tisa. Siku kumi na nne. Alifanya mazoezi ya kumbukumbu peke yake, majina ya miezi mbele na nyuma, majina ya wateja wake wa zamani, bei za miche miaka ya nyuma. Aliniambia hawatamkamata tena. Na kila mara aliuliza, mibiringanya yangu vipi? Nikisema inazaa, alifumba macho kama mtu aliyepewa maji.

Zilipobaki siku tisa nikampelekea.  Nilichoma mabiringanya, nikayaweka yangali ya moto kwenye bakuli lenye mfuniko, nikalifunga kwa khanga nikavuka nalo mji mzima. Wifi yangu hakuwapo, Kiranja alikuwa kazini. Baba alilinusa bakuli kabla sijalifungua. Alikula lote, akapangusa bakuli kwa kidole, akasema amerudi nyumbani.

Nilikuwa bado nipo alipoanza kukunja uso akitafuta maji. Safari hii haikuishia kwenye maneno. Alianguka kutoka kitini, na nilipoweka kiganja kifuani pake moyo ulikuwa unakwenda mbio kuliko cherehani yangu. Mimi na jirani wa chini tulimpeleka hospitali kwa gari lake.

Wodini kulikuwa na nesi wa makamo, mwenye kandambili na miguu iliyochoka. Alimulika jicho la Baba kwa tochi, akamgusa ngozi, akamwangalia mdomo. Kisha akatugeukia, mimi na Kiranja aliyekuwa amefika akihema.

"Macho haya nimeyaona kwa watoto," akasema. "Wale wanaochezea mbegu za tarumbeta. Mzee amekula nini leo? Kwenu kuna gugu hilo?"

Kiranja alisema wao wanakaa ghorofani, hakuna gugu wala jani. Wakaniangalia mimi.

"Hapana," nikasema. "Kwetu hakuna."

 Nesi alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaenda kuweka dripu.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado kali, nikaenda moja kwa moja kwenye matuta. Sikuhitaji kutafuta. Kwenye shina la tano, chini ya kile kiungo tulichokifunga kwa utepe, mzizi ulikuwa umechoka kubeba watoto wa wenyewe ukatoa chipukizi lake. Lilikuwa na urefu wa mkono, lenye majani yake yenyewe na ua moja jeupe, refu, limefunguka. Nilikuwa nimepita pale kila Jumapili na kikapu. Nikakaa chini kwenye udongo nikahesabu sahani zote nilizomlisha, nikafika kumi na saba.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikuwa fupi. Nilinyamaza siku sita. Niling'oa mimea yote kumi na miwili, nikaichoma moto isipokuwa shina lile la tano. Nilijidanganya kwamba hakuna haja ya kusema: Baba ametoka hospitali, hatakula tena, daktari atakuja, atamkuta mzima, atarudi nyumbani, basi. Nani ataumia?

Lakini nilipokwenda kumwona, nilimkuta hahesabu siku. Alikuwa amekaa ameelekea ukutani. Nikamkumbusha zimebaki siku tatu. Akaniambia kwa upole kwamba Kiranja alikuwa na haki. Akili imemwacha, alisema. Mara hii imemkuta huko huko kwa Kiranja, kwa hiyo si nyumba, ni yeye. Alikuwa amemwambia Kiranja atafute mtu wa kuinunua nyumba yake.

Kesho yake nilikwenda na lile shina, nimelifunga kwenye gazeti. Wifi yangu alikuwa sokoni. Niliufunga mlango wa chumba, nikapiga magoti, nikamwekea shina mapajani.

Vidole vyake vilianzia juu. Vilitambua biringanya vikapita. Vilifika kwenye kiungo vikakizunguka mara mbili, na nusura atabasamu, kwa kuwa kilikuwa kiungo kizuri. Kisha vikashuka. Vikakuta laini, hakuna mwiba. Vikakuta lile chipukizi. Alikwanyua jani akalifikicha, akalipeleka puani. Baba alikuwa mtu wa mimea maisha yake yote. Alikaa na jani lile puani muda mrefu sana.

"Huu si mtunguja."

"Siyo, Baba."

"Mingapi?"

"Tisa."

Nikamweleza yote, kopo, dirisha, sare, aibu, chini hakupandi juu. Sikujitetea, au labda nilijitetea, sikumbuki vizuri. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia.

"Ungesema imekufa," alisema.

"Niliona aibu."

"Ungesema imekufa. Tungetafuta mingine."

Hakupaza sauti. Alisema ile kauli yake ya kitaluni ni ya ndimu na chungwa, hakuwahi kusema ni ya kila kitu, na mtu anayejua nusu ya kazi ni heri asiyejua kabisa. Kisha akauliza kama mimi nilikuwa nayala. Alijua silili. Aliuliza hata hivyo, na nikajibu hapana.

"Miezi hii yote nimejiogopa mwenyewe," akasema. "Nalala nikijiogopa. Kumbe nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, Baba. Ni mzima. Kesho kutwa daktari akija utamjibu, tutakwenda nyumbani."

 Aliniuliza kama Kiranja anajua. Nikasema bado, lakini nitamwambia leo, sitaficha tena. Akatikisa kichwa. Kiranja asijue, alisema. Kiranja atakwenda polisi, atasema ulimlisha mzee sumu ili ubaki na nyumba, na wewe huli, nani atakusadiki. Lichukue shina lako, lichome, unyamaze. Nikambusu mikono yote miwili. Nilishuka ngazi za ghorofa tatu nikiwa mwepesi. Nilidhani nimesamehewa.

Siku mbili zile nilifagia nyumba mpaka darini. Nilibadilisha shuka zake, nikafua mapazia, nikanunua mchanga na mbolea ya kujaza matuta upya, tuanze na kitu kingine, mchicha, chochote. Nilijiapiza kwamba sitamdanganya tena hata kuhusu saa.

Daktari alikuja saa nne asubuhi. Tulikaa sebuleni kwa Kiranja: Baba kwenye kiti cha mkono, amenyolewa, shati jeupe nililolishona mwenyewe, Kiranja kulia kwake, wifi yangu mlangoni, mimi kwenye kochi, mbele yake kabisa. Daktari alimwamkia, akamuuliza siku gani leo. Baba akasema siku, tarehe na mwezi, akaongeza kwamba jana ilinyesha alfajiri kidogo. Akaulizwa yuko wapi, akasema ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na mbili, kitasa cha mlango kimelegea. Kiranja akageuka kutazama kitasa. Akaambiwa ataje miezi kwa kurudi nyuma, akaitaja haraka kuliko ambavyo mimi ningeweza. Akaulizwa kazi yake, akaeleza kubebesha chungwa kwenye ndimu hatua kwa hatua, mpaka daktari akaweka kalamu chini akasikiliza tu. Kiranja alikuwa amejishika mdomo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona mlango wa nyumbani.

"Mzee, umenifurahisha sana," daktari akasema. "Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

Daktari akatabasamu, akadhani hakusikia. Akarudia, watoto wangapi?

"Mmoja tu. Huyu." Akanyoosha mkono, akapapasa, akaushika mkono wa Kiranja.

"Na huyu dada aliyekaa mbele yako?"

Nikasema, "Baba, ni mimi." Sauti yangu haikuwa na mtu asiyeijua chumbani mle. Alinigeukia na lile jicho lake zima, mboni ndogo, tulivu, safi.

"Simjui," akasema.

Daktari alijaribu tena kwa upole. Alimwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye kwenye nyumba yake, yenye bustani. Je, angependa kurudi kule? Baba akasema hana nyumba nyingine, yeye anakaa hapa na mwanawe. Daktari akaiokota kalamu. Mtu anaweza kujua tarehe na miezi, alituambia baadaye pale mlangoni, lakini akimpoteza mtoto aliyemlea kwa mikono yake, hiyo ni dalili nzito, na ingekuwa vyema tusimhamishe tena.

Kiranja alinifuata mpaka kwenye ngazi. Alinishika bega. Tangu utoto wetu hakuwahi kunishika hivyo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mdogo wangu, usiyachukulie moyoni," alisema. "Siyo yeye anayesema vile. Ni ugonjwa."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yetu. Baba alikuwa pale pale kitini, hatua nne kutoka tulipo, na masikio yake hayajawahi kuwa na tatizo lolote. Alimsikia kila neno, na hakumsahihisha. Nikamwitikia kaka yangu kwa kichwa, nikashuka.